Miliampea 1.4: shajara ya kubadilisha taa za matumbawe, Lubumbashi

Jumamosi, 3 Mei

Neoni, yaani mirija ya floresenti, zimeshuka, LED zimepanda. Ni saa nne usiku, mikono bado ina chumvi, na mama watoto amekwisha kuuliza mara mbili kama sebule yetu itabaki na bluu hii ya baa.

Nieleze kwanza tangi lilikotoka. Mimi ni fundi wa sola. Nilimfungia paneli mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi migodini, na mkataba wake ulipokwisha akaniachia tangi lake la bahari zima-zima: lita 300, mawe, pampu, samaki wawili na matumbawe. Nilikubali kabla ya kushauriana na mtu yeyote nyumbani. Sasa ni mwaka wa tatu, na kosa hilo bado nalilipa.

Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote. Majirani wanaokuja kutazama huuliza kwanza kama vitu hivi vinaliwa, kisha kwa nini nisitumie chumvi ya jikoni. Chumvi ya jikoni karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Bahari ina magnesi, kalsi, potasi na mengine mengi. Kwa hiyo chumvi yangu inatoka Johannesburg ndani ya ndoo, juu ya lori, kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo yetu, na naipima gramu 35 kwa lita. Maji ya bomba nayo hayaingii tangini kabla ya kupita kwenye chujio cha osmosi. Huu ni mji wa shaba, na shaba hata kidogo sana huua konokono, kamba na matumbawe. Babu yangu alilishwa na shaba maisha yake yote ya kazi. Mimi usiku nalinda tangi lisiionje.

Wakazi nitawataja pamoja na mahali walipo. Juu kabisa ya jiwe, karibu na uso wa maji, kuna tumbawe-ngozi, Sarcophyton, lenye umbo la uyoga mkubwa wa porini. Pembeni yake kuna zulia la Zoanthus, vimacho vya kijani na chungwa vyenye kope. Hao siwagusi bila glavu, maana katika jamii yao wako wanaobeba palitoksini, sumu kali mno, na jiwe lenye viumbe hao halichemshwi kamwe. Katikati, upande wa kushoto, kuna Discosoma watatu wekundu, bapa kama masikio. Chini karibu na mchanga kuna Euphyllia moja ambayo ncha za vidole vyake zimekaa kama nyundo. Na nyuma kuna Capnella, ambayo wafugaji huiita mti wa Kenya. Mwanagenzi wangu anakaa komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, na aliposikia jina hilo alitaka kujua ni nani wa mtaani kwao aliyeuleta.

Neoni zilikuwa nne, wati 54 kila moja. Hapa mjini sipati nyingine za aina hiyo. Na mirija hii hupoteza nguvu kidogo kidogo. Wafugaji huibadilisha kila miezi 9 hadi 12, na hizi mhandisi alizibadilisha mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Zaidi ya miaka miwili. Hakuna aliyeona zikififia kwa sababu zilififia mbele ya macho yetu kila siku. LED nilizopata ni mbili, za bei nafuu, wati 120 kila moja, zina kitufe kimoja cha bluu na kimoja cha nyeupe.

Najua hatari ya kuruka kutoka mwanga hafifu kwenda mwanga mkali, kwa hiyo nimefanya kazi kifundi. Nimefunga luksimita yangu ya kazini, kifaa cha kupimia mwanga, ndani ya chupa ya kioo ya jemu, nikaizamisha juu ya jiwe: chini ya neoni ilisoma luksi 5,800. Nikapandisha LED polepole hadi iliposoma 5,800 ileile. Bluu asilimia 60, nyeupe 35. Mwanga uleule, taa tofauti. Nalala nimeridhika.

Jumanne, 6 Mei

Sikupaswa kulala nimeridhika.

Jumapili Zoanthus walifumba. Nikasema ni mshtuko wa mabadiliko, watafungua. Jumatatu walikuwa wamefumba bado, na tumbawe-ngozi halikutoa hata kidole kimoja. Leo Discosoma mkubwa amesinyaa, amekunja kingo zake juu kama mtu anayejifunika shati kichwani kwenye jua, na wekundu wake umekuwa wa waridi. Ile Euphyllia ya chini peke yake ndiyo haijali.

Tumbawe halili mwanga lenyewe. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wa seli moja, zuzantela, na hao ndio wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumlisha mwenye nyumba. Yanayoishi kwa mwanga hupata sehemu kubwa sana ya nishati yao kwa njia hiyo. Mwanga ukizidi uwezo wao, mtambo unaendelea kupokea lakini hauna pa kupeleka, na unaanza kuzalisha oksijeni ya aina inayounguza. Hapo tumbawe linawafukuza wapangaji wake ili lisiungue nao. Rangi inaondoka, mwili unabaki mweupe, na hicho ndicho kinachoitwa kupauka. Baharini kinachosababisha mara nyingi ni joto; kwenye tangi, taa peke yake inatosha. Kwa lugha ya kazi yangu, ni paneli iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bateri bila regilata, kifaa cha kudhibiti chaji.

Lakini luksi ni zilezile! Hapo ndipo ninapokwama. Nimemtumia mhandisi ujumbe wa sauti na picha ya Discosoma.

Jumatano, 7 Mei

Mhandisi amejibu kwa sentensi moja: zima nyeupe, acha bluu, kisha soma luksimita yako.

Nimefanya hivyo mwanagenzi akiwa amesimama nyuma yangu. Bluu peke yake kwa asilimia 60: kila kitu tangini kinang'aa kama taa za harusi, kamera ya simu haiwezi kuangalia, macho yanauma. Luksimita: 900.

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Miaka yote nimeuza kifaa hiki kwa watu bila kufikiri kinafanya nini. Luksi ni kipimo cha jicho la binadamu. Jicho letu linaona zaidi kijani-manjano, karibu na nanomita 555, na luksimita imetengenezwa ipendelee rangi hizohizo. Bluu ya nanomita 450 inahesabiwa kwa karibu asilimia 4 tu ya uzito wa kijani hicho. Zuzantela hawana jicho la binadamu. Wao bluu ndiyo chakula chao kikuu, maana majini nyekundu humezwa katika mita chache za kwanza na bluu ndiyo inayoshuka hadi kwao. Mimi nimelinganisha neoni zenye mwanga mpana na LED iliyojaa bluu kwa kutumia kipimo kisichoona bluu. Nimewapa mwanga mara mbili au zaidi na nikalala.

Kipimo halisi cha kazi hii huhesabu chembe za mwanga zinazofaa kwa usanisinuru, na bei yake ni ada ya shule ya watoto wawili. Mwanagenzi ndiye aliyesema: "Patroni, si tuna vipande vya sola?" Kweli. Seli ya silikoni ikiunganishwa ncha kwa ncha kupitia multimita hutoa mkondo unaopanda sambamba na mwanga unaoiangukia, na bluu inaiona vizuri kuliko jicho linavyoiona, ingawa si sawasawa kabisa na nyekundu. Inaona pia miale ya joto ambayo tumbawe haliitumii, kwa hiyo haifai kulinganisha na jua la nje. Ila neoni na LED zote mbili zina miale hiyo kidogo tu. Kwa kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe, inatosha.

Tumevunja taa ndogo ya bustani iliyokufa, tukatoa kiseli chake, tukalehemu waya mbili na kukifunika kwa silikoni ya akwaria. Kinakauka usiku huu. LED nimeshusha hadi mwisho wa vitufe.

Alhamisi, 8 Mei

Tumetoa neoni za zamani barazani, tukazining'iniza tena juu ya tangi kwa kamba, kisha tukapima pale walipo matumbawe. Naandika hapa nisije nikasahau:

Juu ya jiwe chini ya neoni, miliampea 2.1. Katikati kwa Discosoma, 1.4. Mchangani, 0.9.

Juu ya jiwe chini ya LED kama nilivyoziweka Jumamosi: 5.4.

Mara mbili na nusu, kwa siku nne, masaa kumi kwa siku. Nimewaomba radhi kwa sauti. Mama watoto amesikia na hakusema kitu.

Tatizo jingine: hata vitufe vikiwa chini kabisa, juu ya jiwe inasoma 3.3. Chini ya hapo taa zinapepesa na kuzimika. Minyororo ya kuning'iniza haina urefu zaidi. Dawa ya kawaida ni kuweka wavu juu ya tangi, tabaka mbili tatu, na kuondoa tabaka moja baada ya nyingine. Wavu ninao! Ndani ya kabati kuna mustikeri, chandarua, mpya iliyogawiwa kwenye kampeni ya malaria, bado ndani ya plastiki yake. Nimeichukua na mkasi.

Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, muuguzi, alikuwa ameketi akimsuka binti yangu.

"Mdogo wangu, unataka kukata mustikeri ya watoto?"

"Yaya, wanazo nyingine. Hii ni ya tangi."

"Ndani ya maji?"

"Juu yake tu."

"Umesoma kilichoandikwa kwenye plastiki?"

Nimesoma. Deltamethrini. Chandarua hizi zinatoka kiwandani zimelowekwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo kwa mtu aliyelala chini yake haina neno, lakini kwa samaki na kwa kila chenye magamba na miguu mingi ni kifo. Mvuke wa tangi ungepanda, ungelowesha wavu, na matone yangerudi majini usiku kucha. Kamba wangu wawili wasingefika asubuhi. Yaya amerudi kwenye nywele za mtoto kana kwamba hajaokoa chochote.

Ijumaa, 9 Mei

Kenkayeri, duka la vifaa vya ujenzi, ya barabara kubwa wanauza wavu wa dirisha wa faibaglasi kwa mita, usio na dawa. Nimeuosha kwa maji ya osmosi, nikautandaza kwenye fremu ya mbao. Kila tabaka linakula karibu sehemu moja kati ya tano ya mwanga. Tabaka mbili: juu ya jiwe 2.1. Tumerudi pale tulipopaswa kuanzia.

Masaa nimepunguza pia, kutoka kumi hadi sita, saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku, mpaka waliojeruhiwa wapone. Mpango baada ya hapo ni kuongeza karibu sehemu moja ya kumi kwa wiki, na kutogusa vitu viwili kwa wakati mmoja. Zuzantela wanahitaji wiki kadhaa kupanga upya rangi zao. Mwanga ukiongezeka wao hupunguza klorofili, na hawawezi kufanya hivyo kwa siku tatu hata ukiwaomba.

Jumapili, 18 Mei

Zoanthus wamefungua wote isipokuwa pembe moja ya zulia, vimacho kama saba, ambayo naona imekwenda. Discosoma wametanuka. Wekundu haujarudi.

Asubuhi nimepatwa na hofu: tumbawe-ngozi lilikuwa limevaa utando unaong'aa kama nta, limejikunja, linaonekana limekufa. Nilikuwa nimekwisha kuvaa glavu nilitoe lisioze majini. Mhandisi kanizuia. Hivyo ndivyo linavyojivua ngozi, kasema, na linahitaji mkondo wa maji, si mikono. Nimeigeuza pampu ilielekee. Mchana utando ulianza kung'oka vipande vipande na kuingia kwenye chujio.

Jumamosi, 24 Mei

Tabaka moja la wavu limetoka. 2.6. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa sababu wavu haukatwi nusu. Nitakaa hapa wiki mbili kamili. Masaa bado sita.

Usiku unaanza kuwa wa baridi kweli. Nimegundua jambo ambalo sikulifikiria: neoni zilikuwa zinapasha maji moto. Tangu zishuke, hita inafanya kazi muda mrefu zaidi, na akiba ya umeme niliyojivunia kwa LED sehemu yake inaliwa na hita.

Jumanne, 10 Juni

Sikuandika kwa sababu hatukuwa na umeme. Si delestaji, mgao wa umeme, ya kawaida ya masaa; transfoma ya mtaa iliungua Jumamosi jioni na umeme umerudi leo mchana. Siku tatu.

Hesabu ya usiku ule niliifanya kwa tochi. Bateri yangu ni volti 12, ampea-saa 200. Nusu yake tu ndiyo salama kutumia, yaani kama wati-saa 1,200. Hita ya wati 300 ingeimaliza kwa masaa manne. Pampu mbili za wati 15 zinakwenda nayo masaa arobaini, na paneli zinaijaza mchana, maana kiangazi cha Katanga kina jua zuri hata kukiwa na baridi. Kwa hiyo pampu ziliendelea, hita na taa hapana. Maji yaliyosimama yangewaua kwa kukosa oksijeni kabla ya giza kuwadhuru. Bila mwanga matumbawe hukaa siku kadhaa.

Joto ndilo lililonitesa. Tulifunika tangi kwa mablanketi matatu na kuelea ndani chupa za plastiki zilizofungwa vizuri, zimejaa maji moto kutoka jikoni. Mama watoto, ambaye hana habari na matumbawe, aliamka saa tisa usiku kubadilisha chupa bila kuambiwa. Asubuhi ya tatu maji yalikuwa nyuzi 21.9 kutoka 25.5. Samaki walilala pembeni. Hakuna aliyekufa.

Leo hita inarudisha joto polepole. Taa nimezianzisha kwa masaa manne.

Jumamosi, 21 Juni

Tabaka la mwisho la wavu limetoka. 3.3, vitufe chini kabisa. Masaa saba. Discosoma mkubwa ana wekundu tena pembezoni, katikati bado waridi.

Mwani wa kijani umeanza kwenye kioo cha nyuma. Nilitegemea: mwanga zaidi unalisha kila mtu, pamoja na wasioalikwa. Nimepunguza chakula cha samaki.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya Uhuru. Parseli, uwanja wa nyumba yetu, imejaa watu tangu asubuhi, bukari (ugali) na kuku, muziki wa jirani unashindana na wetu. Watoto wote wa ukoo wamepanga mstari mbele ya tangi.

Saa kumi na moja nikapita sebuleni kuchukua soda nikaona mwanga ukutani umebadilika. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa akichukua video, na ili itoke vizuri alikuwa amepandisha vitufe vyote viwili hadi mwisho. Asilimia 100. "Mjomba, angalia zinavyong'aa!" Kweli zilikuwa zinang'aa. Ilikuwa imepita kama nusu saa, au saa nzima; hakuna aliyekuwa akihesabu.

Sikupiga kelele, sikukuu ni sikukuu. Nimezima taa hadi kesho na kung'oa vichwa vya vitufe kwa koleo. Sasa vinazungushwa kwa bisibisi, na bisibisi iko mfukoni mwangu.

Video yake, lakini, ni nzuri. Ameniomba ruhusa ya kuiweka kwa marafiki zake na nimempa.

Jumatano, 2 Julai

Euphyllia, ile isiyojali kitu, imejificha ndani ya mifupa yake siku mbili. Zoanthus nusu wamefumba. 3.3 inabaki 3.3, nilikuwa nipandishe wiki hii lakini hapana.

Jumamosi, 12 Julai

Wote wamefungua. Bisibisi imefanya kazi: 3.6. Masaa nane, na hapo masaa yatabaki.

Leo nataka kuandika kuhusu njaa, maana nimefanya kosa la pili kubwa la mradi huu na halikuhusu taa. Kwa wiki mbili Zoanthus walikuwa wanapauka taratibu ingawa, ukiondoa ile saa ya sikukuu, mwanga haukupanda. Nikashuku kila kitu. Mwishowe nimepima naitrati: sifuri. Fosfati: sifuri. Nilipopunguza chakula cha samaki kwa sababu ya mwani, nilipunguza pia mbolea ya zuzantela. Hao ni kama mimea ndani ya nyama. Wanahitaji naitrojeni na fosforasi ili wajitengeneze upya kila mwanga unapowachakaza. Mwanga mkali kwenye maji yasiyo na kitu unaunguza haraka kuliko mwanga uleule kwenye maji yenye lishe kidogo. Mhandisi alipokuwa hapa alipenda naitrati kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfati chini kidogo ya 0.1. Samaki wamerudishiwa chakula chao chote, na konokono watapambana na mwani.

Kipimo cha alkali nacho kimeshuka, kutoka 8.4 hadi 7.1 dKH (digrii za alkali) katika siku tisa. Hiyo ni habari njema iliyovaa nguo mbaya. Inamaanisha Euphyllia na mwani wa waridi wa mawe wanajenga mifupa kwa kasi ambayo hawakuwa nayo chini ya neoni, na wanakula kaboneti majini. Bikarbonati safi ya soda ya famasi inatosha. Maji halisi tangini, ukiondoa mawe, ni kama lita 260, na gramu 8 zinapandisha dKH moja. Nayeyusha kwenye maji ya osmosi na kumwaga taratibu mbele ya pampu, nusu leo, nusu kesho.

Jumamosi, 19 Julai

4.0. Hakuna la kusema. Naitrati 3.

Jumamosi, 26 Julai

4.4. Tumbawe-ngozi limefunguka kama sijawahi kuliona, vidole virefu kama vya mtoto mchanga, na limeinama kidogo kuelekea taa. Zoanthus wana rangi ambayo neoni hazikuwahi kuonyesha. Wale wa chungwa wana duara la kijani katikati ambalo mama watoto anasema lilikuwapo siku zote. Mimi nasema hapana.

Discosoma mkubwa hayupo mahali pake.

Nimemtafuta nyuma ya mawe, ndani ya chujio, kwenye mdomo wa pampu. Wadogo wawili wako palepale, wamekunja kingo. Yeye ameacha alama ya duara kwenye jiwe na kipande kidogo cha nyama yake ndani yake.

Ijumaa, 1 Agosti

Sikukuu ya wazazi. Asubuhi tulikuwa makaburini kwa babu, tukafyeka nyasi na kupaka chokaa. Mpwa alibeba ndoo na hakuniangalia usoni. Bado anafikiri ni yeye aliyemuua Discosoma.

Jioni binti yangu ndiye aliyemwona, kwa sababu yeye ana urefu wa kutazama tangi kutoka chini. Amejishikiza kwenye upande wa kulia wa jiwe, chini ya ukingo unaotokeza, mahali ambapo kutoka kochi langu hapaonekani. Amefunguka wote, mwekundu kabisa, mpana kuliko kabla. Mhandisi anasema Discosoma hufanya hivyo pasipowafaa: wanaachia jiwe, wanaelea na mkondo, wanashika tena pengine. Nimempigia mpwa simu.

Jumamosi, 9 Agosti

4.8 juu ya jiwe tangu wiki iliyopita. Nasimama hapa. Tumbawe-ngozi na Zoanthus wangeweza kupewa zaidi, lakini bateri haitaki na mimi pia sitaki. Wale Discosoma wadogo wawili nimewatelemsha na jiwe lao dogo, chini karibu na mchanga.

Kabla ya kurudisha kiseli kwenye sanduku la kazi, nimekishusha polepole chini ya ule ukingo wa kulia, hadi kando ya Discosoma mkubwa, bila kumgusa. Mwanagenzi alikuwa ameshika multimita.

"Inasoma ngapi?"

"Moja nukta nne, patroni."

Nimemwambia asome tena.

"Moja nukta nne."